Mkono Haukutajwa

Port Vila, 20 Februari 1994

Mama mkwe,

Naandika kwa sababu mke wangu Rosina ananiambia nisiandike, huku akiniwekea karatasi mezani.

Tangu nilipomuoa binti yako sijakuambia neno hata moja. Kwetu kisiwani Efate wakwe tunaheshimiana, lakini hatufiki kujificha nyuma ya migomba. Siku ya harusi yetu niliona kisogo chako tu, na Rosina anasema hata hicho nilikiona kwa kuiba. Sina malalamiko. Nasema tu kwamba nikikutana nawe sokoni sitakujua, labda uwe umenigeuzia mgongo.

Jambo lenyewe ni hili. Rosina atajifungua mwezi wa sita. Ni mimba ya kwanza. Daktari anasema mama yu mzima na mtoto yu mzima, ila daktari haingii jikoni kwetu. Huko Rosina analia. Nikimuuliza, ananijibu ni vitunguu. Mama, hatujanunua vitunguu tangu Krismasi. Anaogopa, na anakutaka wewe. Anajua mila inakukataza kukaa nyumba moja na mume wake, kwa hiyo hasemi. Mimi nasema: njoo.

Kama nimekosea kuandika, barua hii nayo ina mgongo. Ipindue tu.

Mwanao,
Kalmet


Ambrym, 9 Machi 1994

Mkwe wangu,

Barua yako imefika na meli ya kopra. Ilisafiri juu ya pipa la mafuta ya taa, kwa hiyo nimeisomea mbali na jiko. Nimeisoma mwenyewe. Nilijifunza kusoma kwa makopo ya samaki na vitabu vya nyimbo za kanisani, ndiyo maana naandika kama mtu anayeimba huku ana njaa.

Kwanza niliwauliza wazee kama inafaa. Mila inasema mdomo wangu usiseme nawe, jicho langu lisikutane na lako, na jina lako nisilitaje. Mkono haukutajwa. Wazee wakakohoa. Kukohoa si kukataa. Ila jina lako usiliandike tena chini. Ile sehemu niliikunja nikaikalia mpaka nilipomaliza kusoma.

Kuja siwezi. Nyumba yenu ina mlango mmoja, Rosina alishaniambia. Wewe ukitoka mimi naingia, tutagongana kama mbuzi darajani. Na asubuhi nina mazungumzo shambani, siwezi kuyaacha.

Kwa kuwa wewe ni mwalimu na mimi nimeshaanza kuandika, nina swali. Baba yake Rosina, Bong wangu, amefariki mwaka sasa umepita. Yuko wapi?

Nilimuuliza mchungaji. Akasema, "Yuko mahali pema." Nikasema, "Mahali gani?" Akasema, "Si mahali kama mahali, Elmina." Nikamwambia, "Basi hilo neno 'yuko' linafanya kazi gani hapo?" Akanipa chai.

Naandika kwa Bislama, ambayo si lugha yako wala yangu. Usidhani ndiyo kosa. Kwa lugha yangu nimeshauliza vizuri sana, na hakuna aliyejibu.

Mama yake Rosina


Port Vila, 30 Machi 1994

Mkwe wangu,

Nimetoboa mlango wa pili.

Nimeukata upande wa mnazi, kwa msumeno wa kuazima, Jumamosi nzima. Jumatatu mwalimu mkuu akapita, maana nyumba ni ya shule. Akasimama, akatazama, akasema, "Mwalimu, mbona nyumba ya serikali ina mdomo mwingine?" Nikamwambia mama mkwe wangu ni mtu wa Ambrym. Akasema, "Ah," akaenda zake. Mke wake naye ni wa Ambrym.

Kwa hiyo mlango upo. Kuhusu hayo mazungumzo ya asubuhi, nadhani kamati ya akina mama inaweza kukutana bila wewe kwa miezi miwili mitatu. Mchagueni makamu.

Sasa swali lako. Nimelifikiria tangu barua ilipofika, hata darasani, mpaka watoto wakasahihisha hesabu yangu ubaoni. Naona hivi: mzee amepumzika. Na tena yuko mioyoni mwetu.

Rosina amenunuliwa vitunguu, ili angalau machozi yawe na sababu.

Mume wa Rosina


Ambrym, 14 Aprili 1994

Mkwe wangu,

Asante kwa mlango. Sasa nifikirie njia ya kwenda chooni. Ni moja, au kila mlango una yake?

Unasema Bong amepumzika. Bong na kupumzika hawajawahi kukaa benchi moja. Akiketi, alitafuta kamba ya kufunga au mtu wa kubishana naye. Ukisema amepumzika unaniambia ni mtu mwingine, na huyo sikuulizia.

Unasema yuko moyoni. Moyoni mwangu yupo Rosina, na nguruwe wawili, na hasira ya shemeji yangu aliyechukua shoka letu. Bong alikuwa mtu mpana. Na kama yumo, mbona sikuti amelegeza kitu humo? Kila nyumba aliyoingia, kitasa kililegea.

Sikutanii, mkwe. Au nakutania, lakini chini yake nauliza. Nilipokuwa msichana nilidhani kila kitu kina neno lake, na mtu akijua maneno yote atajua vitu vyote. Sasa naona maneno ni kama kikapu cha makuti. Ukibebea viazi vikuu, vizuri. Ukibebea magimbi, vizuri. Ukichota maji, unafika nyumbani na kikapu kilichooshwa. Mchungaji amefika kwangu mara nyingi na kikapu kilichooshwa. Namheshimu, kwa sababu mtoni amekwenda kweli.

Viazi vikuu mwaka huu ni vinene. Mwambie Rosina asibebe ndoo.

Mama yake Rosina


Port Vila, 26 Aprili 1994

Mkwe wangu,

Njia za chooni sasa ni mbili. Ya kwako inazunguka nyuma ya mpapai.

Kuhusu swali, umesema maneno hayatoshi. Nimekubali. Ndani ya bahasha hii kuna karatasi nyingine. Hilo ndilo jibu langu.

Mume wa Rosina


Ambrym, 5 Mei 1994

Mkwe wangu,

Karatasi yako tupu imefika. Niliigeuza pande zote, nikaiweka juani, labda umeandika kwa maji ya ndimu kama watoto. Mwishowe nimewashia moto. Iliwaka vizuri. Kama ulikuwa ukimya wenye hekima, umeivisha laplap yangu ya viazi.

Mimi nawe tumekaa kimya tangu harusi, mkwe. Ukimya tunao tele. Hatuhitaji kuutia kwenye bahasha na kuulipia stempu.

Usikasirike. Jaribu tena.

Mama yake Rosina


Port Vila, 12 Mei 1994

Mkwe wangu,

Sikukasirika. Rosina ndiye aliyecheka mpaka mtoto akampiga teke.

Rosina anasema kwenu mambo mazito hayasemwi, huchorwa mchangani. Ameniambia ule mchoro wa njia ya wafu jinsi anavyoukumbuka, nami nimeuchora kwa kalamu. Upo chini ya barua hii. Kwetu hatuna jambo hili, kwa hiyo utaona jasho langu kwenye karatasi.

Mama, siku zinakwenda. Rosina amefua mashuka yale yale mara mbili. Milango iko miwili, njia ziko mbili. Nikiongeza kitu kimoja zaidi, mwalimu mkuu ataniletea rangi. Kamati yako bado haijakuruhusu?

Mume wa Rosina


Ambrym, 19 Mei 1994

Mkwe wangu,

Mchoro wa mchangani huenda kwa mstari mmoja. Kidole kikigusa jivu la mlima wa moto, ndilo mchanga wetu, hakiinuki mpaka mstari urudi pale ulipoanzia. Wewe umeinua kalamu mara nyingi, na hicho ulichonitumia kinafanana na wavu uliogombaniwa na mbwa. Lakini nimemwonyesha jirani, na amesema, "Mtu wa Efate huyu? Basi amejitahidi." Ni sifa hiyo, ipokee.

Nikwambie habari ya mchoro ule. Wazee wa zamani walisema kuna mlinzi njiani. Marehemu akifika, mlinzi anafuta nusu ya mchoro, naye anatakiwa aumalize ndipo apite. Bong hakuwahi kumaliza mchoro hata mmoja. Alianza vizuri, kidole kinateleza kama samaki. Kisha mtu anapita barabarani, naye anainua mkono kumsalimu. Basi, kwisha. Nilimwambia kwa miaka yote ile, "Bong, acha salamu, maliza kwanza." Anasema, "Mtu amepita, Elmina, nitamnyamazia?"

Mchungaji anasema mlinzi huyo hayupo. Nikamwambia asante sana, sasa Bong hana hata wa kumuuliza njia.

Kuja, mkwe, bado siwezi. Usiniulize tena habari ya milango. Nina mazungumzo ya asubuhi. Nimekwambia.

Mama yake Rosina


Port Vila, 24 Mei 1994

Mkwe wangu,

Jana nilimsomea Rosina barua yako tukiwa tunamenya ndizi. Nikamaliza, nikasema, "Hii kamati ya mama yako ni ya namna gani? Hata bunge lina likizo."

Rosina akasema, "Kamati gani?"

"Ya asubuhi. Shambani."

Akaweka kisu chini. "Wewe, shambani kwa mama hakuna kamati. Kuna mama na viazi."

"Sasa anazungumza na nani?"

Akakichukua tena kisu. Aliendelea kumenya, na ndizi hazina vitunguu ndani yake.

Mama, sikuona. Nilidhani unazungumza na akina mama. Nimekuwa nikitoboa ukuta wa serikali kwa ajili ya kizuizi ambacho hakikuwa mlangoni.

Sasa nitakuambia ninachofikiri, na kama nimekosea, una moto. Nadhani hukuniuliza Bong yuko wapi. Watu wote tumesikia swali la mahali, mimi na mchungaji, tukawa tunakutafutia mahali. Nadhani unajua unapompata, kila asubuhi, kwenye mistari ya viazi, kwa lugha yenu. Unachouliza ni kama anaweza kusafiri.

Hilo sijui. Sina neno la ndiyo, na sina la hapana, na sitakutumia karatasi tupu. Najua kitu kimoja kuhusu mzee, nacho nimekipata kwako: mtu akipita hakumnyamazia. Huyu anayekuja mwezi wa sita ni mtu anayepita pia.

Njoo, mama. Jaribu.

Mume wa Rosina


Ambrym, 1 Juni 1994

Mkwe wangu,

Nimesoma. Nikakaa. Kisha nikaenda shambani nikaisoma kwa sauti, mara mbili, mara ya pili kwa lugha yetu, ili asikie yeyote aliyekuwepo. Sikusikia kipingamizi.

Barua hii itatangulia na ndege ya wagonjwa, mimi nafuata na meli ya Jumatano. Usije bandarini. Mtume mtu mwenye kofia nyekundu. Mimi ni mwanamke mwenye viazi vingi.

Mama yake Rosina


Port Vila, chumba cha mbele, 21 Juni 1994

Mkwe wangu,

Najua uko chumba cha nyuma. Nasikia unavyoviringisha mkeka. Lakini ukuta wa mbao si mkono, kwa hiyo naandika, na Rosina atavusha barua akitoka kunyonyesha.

Nataka kusema kuhusu Jumapili hospitalini. Mimi niliketi kibarazani kama nilivyoambiwa, kisogo changu kwenye dirisha lenu. Niliketi hivyo tangu watu walipokwenda kanisani mpaka waliporudi. Kisha mtoto akalia, na mimi nikasahau mimi ni nani na wewe ni nani. Nikatia kichwa dirishani nikasema, "Mama, wote wazima?"

Nilikusemesha kwa mdomo. Na nilikutazama usoni.

Wauguzi wote wa visiwa vya kaskazini, wanaoijua mila yenu, wakaacha kazi. Mmoja alishika mkasi hewani. Nikaona ukigeuka polepole, ukainama, ukaiambia ndoo ya maji, "Ndoo, kuna mtu nje anauliza. Mwambie wote wazima. Mwambie ni msichana. Mwambie mke wake anataka chai, na yeye aondoe kichwa chake dirishani kabla sijakifungia."

Naomba radhi. Lakini niseme ukweli wote, kwa mkono: sijawahi kupewa habari njema na ndoo, na sasa kila nikipita bafuni naiamkia ndoo ya kwetu.

Niambie faini.

Mume wa Rosina


Port Vila, chumba cha nyuma, 21 Juni 1994, jioni

Mkwe wangu,

Faini ni kuku mmoja. Awe mnene. Apikwe kwa maziwa ya nazi, na aliwe na nyumba nzima, kwa sababu mimi pia nilicheka, na kucheka na mkwe nako kuna faini yake. Kicheko nilikificha kwenye ndoo.

Unangoja nikwambie la Bong. Rosina ananitazama kila asubuhi nikitoka kwa ule mlango wako, anajifanya anakunja nepi.

Siku za kwanza hapa nilisimama nyuma ya mpapai, nikasema naye kama kawaida. Nilimwambia mji una kelele. Nikamwambia mkwe wetu hawezi kuchora lakini anaweza kuranda mbao. Nilihisi nasema na mpapai. Niliogopa, mkwe. Nikafikiri, nimemwacha shambani, naye anazunguka kwenye mistari akiniita, na majani yanamgusa miguu.

Jumapili baada ya kukufukuza dirishani walinipa mtoto nimshike. Nikaanza kumwambia Bong: ni msichana, ana masikio yako, pole yake. Nikasema habari nyingi. Katikati ya habari nikagundua kitu. Kila siku huwa nasema, kisha nangoja kidogo. Siku ile sikungoja. Nilikuwa nasema kama mtu anavyosema na aliyekaa karibu naye, ambaye hahitaji kujibu kwa sababu ametazama kitu kile kile.

Sijui hilo linaitwaje. Nimejaribu maneno ya Bislama na maneno yetu, na nikiyaweka karibu yanakaa kama nguo ya mtu mwingine. Halikuwa jibu. Sikuambiwa yuko wapi. Ila swali lilikuwa limesimama mlangoni mwaka mzima kama mgeni aliyekataa kiti, na siku ile liliketi.

Muuguzi alidhani nasali, akanisubiri nimalize. Nikamwambia endelea, hii haina amina.

Mtoto anaitwa Lisale. Ni jina la upande wetu.

Mama yake Rosina


Port Vila, chumba cha mbele, 22 Juni 1994

Mkwe wangu,

Kuku yuko jikoni, analalamika.

Lisale ni jina zuri. Lina maana gani? Watu wataniuliza shuleni.

Mume wa Rosina


Port Vila, chumba cha nyuma, 22 Juni 1994

Mkwe wangu,

Bado tu hujapona.

Nikikupa maana nitakupa maneno mengine. Utauliza maana ya hayo, nitakupa mengine tena, na tutafika msimu wa kupanda mtoto hajaitwa. Jina si fumbo, ni kamba. Unalitupa, unavuta, unaona nani yuko upande wa pili.

Muite tu.

Mama yake Rosina


Port Vila, 11 Septemba 1994

Mkwe wangu,

Tangu uondoke kwenda kupanda viazi, nyumba imekuwa na upana usio na kazi. Rosina halii. Anaimba jikoni, vibaya kabisa, na anakata vitunguu bila tatizo. Alitaka kukuzuia, nami nilitaka, lakini mtu hazuiwi shamba lake likiwa tayari. Amesema mtakuja tena Krismasi, au sisi tutakuja, na mwalimu mkuu ameshauliza kama kwenu kuna ukuta unaohitaji kutobolewa.

Miezi hii nimekuwa nikimwita mtoto kama ulivyosema. Nilimwita asubuhi, nilimwita nikitoka kazini. Alikuwa anatazama dari. Nilimwita nikiwa nimekunywa kava, kinywaji kimenilegeza, kwa sauti ya chini, nikidhani labda ni suala la heshima. Dari.

Jana nilisimama karibu na mkeka nikasema, "Lisale." Akageuza kichwa chote, taratibu, na macho yakafuata nyuma, akanitazama kama karani aliyekatizwa kazi. Nikasema tena. Akacheka, mkwe. Bila jino hata moja.

Maana ya jina lake siijui. Yeye pia haijui. Aligeuka.

Tafadhali tuma neno kama umefika salama. Redio ilisema bahari ilichafuka.

Mume wa Rosina


Ambrym, 20 Septemba 1994

Mkwe wangu,

Nimesoma barua yako shambani kwa sauti, pale panapohusu kugeuka nimeparudia.

Tumefika salama. Bahari ilikuwa mbaya tangu Epi mpaka hapa. Mmoja wetu alitapika njia nzima, na si Bong.

Mama yake Rosina